Mdogo wangu alikataa kulipa SHA, bima ya afya ya serikali, sasa bili imekuwa yetu sote

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kazini. Ni saa nane za usiku, niko mapokezi ya hoteli, wageni wote wamelala na simu yangu imejaa jumbe ambazo sitaki kuzifungua. Zote zinatoka kwenye kundi la WhatsApp la familia, na zote ni za hesabu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, anaendesha bodaboda. Wiki tatu zilizopita, jua likitua, lori la mchanga lilimbana pembeni mwa barabara likamtupa mtaroni. Mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Wenzake wa stejini waliandika namba ya lori, wakamkimbiza hospitali iliyokuwa karibu, ambayo ni ya binafsi. Akapasuliwa, akatiwa chuma. Namshukuru Mungu yu hai na vidole vya mguu vinacheza.

Siku daktari alipomruhusu kwenda nyumbani bili ilikuwa shilingi 247,400. Tulikuwa tumelipa 91,000. Wakasema haondoki mpaka imalizike. Amelala pale usiku sita zaidi, na leo asubuhi nimeambiwa bili imefika 268,400.

Ami yetu ndiye aliyefungua kundi la mchango na kupanga viwango. Watu wa nyumbani wanaolima na kuvua wamewekewa elfu mbili mbili. Mimi na kaka yangu mkubwa tumewekewa elfu arobaini kila mmoja, kwa sababu tuna mshahara. Na amesema pesa zikipungua, mama atoe hati ya kipande cha shamba alichoachiwa na baba, kiwekwe rehani.

Mume wangu amekataa kabisa. Anasema mtu mzima hubeba mzigo wake. Pesa tulizo nazo ni 60,000 tulizoweka kwenye chama cha akiba kwa ajili ya karo ya mtoto wetu wa kwanza, na hizo haziguswi. Shangazi, kuna sehemu ya moyo wangu inayokubaliana naye. SHA ilipoanza, Oktoba 2024, nilikaa na mdogo wangu ukumbini kwa mama, nikashika simu yake mwenyewe, nikabonyeza *147# nikamsajili. Alipojibu yale maswali ya kupima uwezo, ikatoka kwamba alipe 650 kwa mwezi, na alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 7,800. Akacheka. Akasema nikishika 7,800 nanunua tairi. Akasema hospitali ni kazi ya serikali, kila siku nikitia petroli nalipa kodi, sasa wanataka nilipe mara ya pili? Nikamsihi, mama akamsihi. Akasema na baba alikuwa na kadi, ilimsaidia nini?

(Baba yetu alilipa NHIF, bima iliyokuwepo kabla ya SHA, miaka kumi na mmoja. Siku aliyolazwa tukaambiwa kadi haisomi, tukalipa taslimu. Lakini hayo ni ya zamani.)

Mimi mshahara wangu ni 42,000 na kila mwezi hukatwa 1,155 za SHA kabla sijaziona. Tangu nijifungue mtoto wa pili sijalazwa hata siku moja. Sasa fikiria: mimi nalipa bila kuugua, yeye anaugua bila kulipa, na anayedaiwa bado ni mimi. Zangu zinakwenda wapi? Na kama kweli hospitali ni kazi ya serikali, mbona serikali haionekani kwenye kundi letu la WhatsApp?

Mama hasemi mengi. Kila nikimpigia anarudia methali ile ile, mchuma janga hula na wa kwao. Na jana usiku mdogo wangu mwenyewe aliniandikia: "Dada msiuze chochote. Niacheni hapa."

Nikikataa kutoa, nitakuwa na hatia? Na nikitoa, nitakuwa nimemfundisha nini?

Mchangaji Aliyechoka, Kaunti ya Kilifi

* * *

Marahaba mwanangu.

Toa. Lakini usitoe elfu arobaini, usiguse ya chama yote, na hati ya mama isitoke sandukuni. Hilo ndilo jibu langu, na nitakueleza nimefikaje hapo. Kabla ya hayo yote, tuanze na kile kitanda, maana kinahesabiwa wakati wewe unasoma.

Toa 247,400 katika 268,400. Inabaki 21,000. Hizo ni za usiku sita ambao hakupasuliwa, hakufungwa kidonda, hakuangaliwa na daktari. Alikuwa amewekwa tu. Hospitali imemtoza mdogo wako gharama ya kumzuia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuwa na pesa za bili. Jaji Mumbi Ngugi alisema kumfungia mtu hospitalini kwa deni ni kuvunja haki zake, akaamuru walipwe fidia. Deni hudaiwa kama madeni mengine, kwa barua, kwa makubaliano, hata kwa mahakama. Halidaiwi kwa kufunga geti.

Kwa hiyo kesho usiende na pesa kwanza. Nenda na maneno. Omba bili iliyochanganuliwa, kila kitu kwa mstari wake: chumba cha upasuaji, chuma chenyewe, dawa, kitanda. Kaa chini uisome na mtu anayejua, hata muuguzi wa mtaani kwenu, kwa sababu nimeona bili zilizotoza chupa za maji ya mshipa kwa siku ambazo mgonjwa alikuwa tayari anakula ugali. Omba zile siku sita ziondolewe kwa sababu alikwisha ruhusiwa, na uwe na karatasi ya daktari yenye tarehe. Kisha omba kuonana na msimamizi mwenyewe, usiishie kwa mtu wa dirishani. Mtu wa dirishani hana uwezo wa kufuta hata shilingi kumi. Najua, kwa sababu nilikuwa mimi.

Nilikaa kwenye dirisha la malipo la hospitali ya serikali miaka mingi kabla sijaanza safu hii. Nilianza kazi hiyo baada ya ada za matibabu kurudishwa. Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi tano kwa wagonjwa wa kwenda na kurudi, ikasema maradhi ni adui wa taifa kama ujinga na umaskini, na adui wa taifa hupigwa na taifa. Desemba 1989 pesa zilipokauka ada zikarudi, wakasema mwananchi achangie. Watu wakaacha kuja. Mwaka 1990 zikasimamishwa, watu wakarudi. Kuanzia 1992 zikarudishwa pole pole, na mimi nikaajiriwa kuzipokea.

Dirisha langu lilikuwa na vyuma, na chini yake tundu la kupitishia pesa lililolainika kwa mikono ya watu. Droo ya kulia ilikuwa ya risiti. Ya kushoto ilikuwa ya vitu: vitambulisho, saa za mkono, hati za mashamba zilizokunjwa mara nne mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Mtu aliyeshindwa kulipa aliacha kitu. Wengine hawakurudi kukichukua.

Kuna mama mmoja ambaye sijamsahau. Mtoto wake aliruhusiwa Ijumaa. Akafungua fundo la leso, akamwaga sarafu, tukazihesabu pamoja, yeye upande ule mimi upande huu. Zikapungua shilingi 140. Utaratibu ulisema akilala siku nyingine, kitanda kihesabiwe siku nyingine, nami nikaandika. Akaja Jumatatu na sarafu nyingine. Zikapungua zaidi kuliko Ijumaa. Mkono ulioandika vile vitanda vya Jumamosi na Jumapili ndio huu unaokujibu leo, na ndiyo maana siwezi kusikia habari ya mtu aliyeruhusiwa akazuiwa nikakaa kimya.

Sasa turudi kwa mdogo wako, na kwa lile uliloliweka kwenye mabano.

Umeandika barua ndefu na nzuri, umeeleza ami, mume, mama, mshahara. Habari ya baba yako umeipa mistari miwili, ukaifungia kwenye mabano, ukasema ni ya zamani. Mwanangu, kwa mdogo wako si ya zamani hata kidogo. Baba alitoa pesa miaka kumi na mmoja, na siku aliyoihitaji kadi haikusoma. Huyu kijana alikuwa amesimama pale, akaona mnavyokimbia kutafuta pesa taslimu. Halafu miaka michache baadaye dada yake anamjia na simu akimwambia lipa kwenye mfuko mwingine, wenye jina jipya. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wewe hukuulizwa. Zako hukatwa kabla hujaziona. Yeye aliulizwa, akajibu kwa aliyoyaona.

Sisemi alikuwa sahihi. Alikosea, na nitamwambia hivyo uso kwa uso. Shilingi 650 kwa mwezi ni kama 22 kwa siku, na kijana mwenye pikipiki hakosi 22. Ana mama, kesho atakuwa na mke na watoto kama hana tayari, na kazi yake ni ya kukaa juu ya magurudumu mawili katikati ya malori. Anajua kuliko mimi na wewe wangapi stejini kwao wameanguka. Mtu anayejua hatari na ana uwezo wa kujiandaa, asipojiandaa, sehemu ya janga ni yake. Hapo mume wako anasema kweli.

Lakini hawakumwomba 22 kwa siku. Walimwomba 7,800 kwa mkupuo. Anayelipwa kwa siku hana 7,800. Ana 600 jioni, na asubuhi ana petroli ya kutia. Mtu wa mshahara kama wewe hukatwa kidogo kidogo, 2.75 kwa mia ya mshahara kila mwezi, na bima yako huendelea. Aliyejiajiri, ambaye kipato chake hupanda na kushuka kama maji ya bahari, ndiye anayeambiwa alete ya mwaka mzima mbele. Wameupanga kinyume. Na Kenya zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi wako kwenye kazi zisizo za ajira rasmi kama mdogo wako. Huwezi kuunda mfuko wa nchi nzima kwa utaratibu unaowafaa wale wawili waliobaki, halafu ukawaita wengine wakaidi. Baadaye serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo unaolipia mwaka kisha unaurudisha kidogo kidogo. Ni afadhali, ingawa kumkopesha mtu ili apate bima bado naliona ni jambo la ajabu.

Na hoja yake ya petroli? Usimcheke. Julai 2023 VAT ya petroli, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilipandishwa hadi asilimia 16, na juu yake kuna kodi na tozo nyingine. Kweli analipa. Na kuna kitu anachopata: kwa sheria ya mwaka 2023, matibabu ya dispensari na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi, na aliyesajiliwa hapaswi kutoa senti. Akiumwa malaria kodi yake inamtibu, ijapokuwa mara nyingi ataondoka na karatasi akanunue dawa dukani. Akivunjika paja, hapo ndipo mfuko wa kuchangia unapoingia, na kodi yake ya petroli haifiki. Hilo hakuna aliyemweleza kwa lugha ya stejini. Aliambiwa tu lipa.

Umeniuliza serikali iko wapi. Nitakujibu ninavyoamini. Katiba, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2001 marais wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa Waziri Charity Ngilu wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Rais Kibaki hakuutia sahihi, gharama ikatajwa. Mdogo wako alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Miaka ishirini mizima kati ya hapo na SHA, familia za Kilifi zimekuwa zikilipa hospitali kwa mbuzi, kwa mashamba na kwa makundi ya WhatsApp. Serikali iliacha pengo, na jamaa wakalijaza kwa mikono yao mpaka tukazoea kuliita utamaduni wetu wa kusaidiana.

Kusaidiana ni kwetu, nami naupenda. Lakini angalia ami yako alivyofanya. Amewapangia viwango kwa uwezo wenu: mwenye mshahara arobaini, mvuvi mbili. Hiyo ndiyo SHA! Tofauti ni kwamba yeye amekusanya baada ya mfupa kuvunjika, kwa watu ishirini badala ya mamilioni, na mwenye ndugu maskini wengi hukusanya kidogo kuliko mwenye ndugu matajiri wachache. Wewe umeuliza zako 1,155 zinakwenda wapi. Zinakwenda kwa kundi la ami wa mtu mwingine, usiyemjua, aliyelazwa leo. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, na ukijifungua wa tatu kwa upasuaji zitarudi kutoka kwa wengine. Unachopaswa kukasirikia ni pale zinapokatwa na hazimfikii mgonjwa, kama za baba yako. Hasira hiyo ni halali. Usiihamishie kwa mtu mwenye chuma pajani.

Haya, sasa tufanye kazi.

Mdogo wako amesajiliwa, hata kama hajalipa. Ulimsajili wewe, na pengine hujui umemfaa kiasi gani. Ile sheria ya 2023 iliunda pia mfuko wa dharura na maradhi sugu, na matibabu ya dharura ni kazi ya mfuko huo. Nenda dawati la SHA hapo hospitalini na kitambulisho chake, uulize kama hospitali iliudai mfuko huo gharama za usiku wa ajali. Usipopata jibu la kueleweka nenda ofisi ya SHA ya kaunti, na jibu wakupe kwa maandishi.

Halafu lile lori. Wenzake waliandika namba, Mungu awabariki. Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mdogo wako ndiye huyo mtu wa tatu. Wiki tatu zimepita. Kama hakuna aliyekwenda polisi, nendeni kesho na mmoja wa wale walioona. Chukueni abstrakti ya polisi, yaani karatasi inayoonyesha ajali imeandikishwa, na fomu ya P3 ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari. Hapo nje ya kituo mtakutana na vijana wa kuwaambia kwamba wanajua wakili. Achaneni nao, mtafute wakili wenyewe, mwenye ofisi yenye mlango. Fidia haiji mwezi huu wala ujao. Lakini makaratasi hayo yana kazi kesho kutwa: yanamwonyesha msimamizi wa hospitali kwamba deni hili lina mahali litakapotoka.

Ndipo mzungumze makubaliano. Bila zile siku sita, na mkiondoa 91,000 mlizolipa, deni ni 156,400. Mlipe kiasi, aondoke, kinachobaki kiandikwe kulipwa kwa miezi. Na sikiliza hapa vizuri, maana hili ndilo swali lako la utamfundisha nini: karatasi hiyo aitie sahihi yeye. Isiwe wewe wala kaka yako, wala ami, na mama asiwekwe hata kama shahidi. Deni liwe kwa jina lake. Ana miaka 29. Mguu utapona, atarudi kazini, atalipa kidogo kidogo kama alivyokuwa akinunua tairi. Kumwacha kitandani hakumfundishi kuwajibika, kunamzuia kuwajibika, maana mtu aliyelala wadini hachumi. Na ninyi mkilipa yote mnamnyang'anya deni lake. Mtoeni pale, deni mwachieni.

Kaa na mume wako kabla hujamjibu ami. Usimwendee na maneno ya mama, mwendee na namba. Mwambie hujaja kuomba arobaini. Ulizeni pamoja tunaweza kutoa kiasi gani ambacho hatutakidai wala hatutakijutia, na karo ibaki. Labda ni elfu kumi na tano. Labda ni kumi. Mtaijua nyinyi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wote waliomo kwenye kundi wanaupima mzigo wako kwa macho tu. Mkiafikiana, tuma moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali na upate risiti, kisha mwandikie ami kwa adabu: tumetoa hiki, ndicho tulicho nacho, na hati ya mama tunaomba isitajwe tena. Mwambie na kaka yako aandike hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Ami hatapenda. Lakini ami hatakuwepo siku mama atakapokosa pa kupanda mahindi.

Kuhusu mama mwenyewe. Najua wengi wenu wenye mshahara mnadhani makato yenu yanamfunika mzazi. Hayamfuniki. Bima yako ni ya mumeo na watoto wenu. Mama ni kaya peke yake, anasajiliwa kwa jina lake na kupimiwa kiwango chake, na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Wewe na kaka yako mkigawana ni 1,800 kila mmoja. Kama ni mtu asiyejiweza kabisa, sheria inasema serikali ndiyo inayotakiwa kumlipia, kwa hiyo mpitie kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii muulize. Fanyeni hilo mwezi huu, kabla hamjachoka na habari za hospitali.

Mdogo wako usimwambie habari ya SHA sasa. Hata neno moja. Ngoja awe nyumbani, ameketi barazani na mguu juu ya kigoda. Siku hiyo mwulize habari ya baba. Mwulize anakumbuka nini cha siku ile kadi ilipokataa. Msikilize mpaka amalize. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akishamaliza mweleze yako, kwamba kila mwezi 1,155 zinaondoka na wewe pia hujui kama siku yako zitasoma, na bado unalipa. Kisha mwache aamue. Akitaka kulipa ile ya pole pole, msaidie kuifungua kwenye simu. Akisema bado, mwulize tena baada ya mavuno.

Kesho uwahi, kabla ya saa nne, wasimamizi wakiwa bado ofisini. Beba kitambulisho chake, karatasi ya kuruhusiwa, risiti zote za ile 91,000 na ile namba ya lori. Na ujibu ule ujumbe wake sasa hivi, kabla zamu yako haijaisha. Mwambie unakuja asubuhi, na unamletea suruali pana itakayopita kwenye bendeji.